Shangazi na Ukurasa wa Mwisho wa Mzee Kufuli

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Shangazi atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuwa mtunza mwongozo wa mradi wetu kwa miaka ishirini na sita. Siku hiyohiyo, katika chumba cha stoo, tutazima ile kompyuta kubwa inayounguruma chini ya rafu, ambamo anaishi Mzee Kufuli. Wanastaafu pamoja. Mmoja atapewa keki na hotuba, mwingine atachomolewa waya. Kamati ya sherehe imeniomba niandike juu ya yule wa keki, lakini wanaomfahamu Shangazi wanajua kwamba huwezi kumweleza yeye ukamwacha mwenzake.

Ndugu na jamaa waalikwa, ambao miaka yote hii mmekuwa mkiambiwa kwamba Shangazi "anafanya kazi na kompyuta", nanyi mkamletea simu zenu mbovu azitengeneze, naomba niwatoe gizani. Sisi hapa tunatengeneza programu ya kuendesha maktaba ndogo: nani ameazima kitabu gani, nani amekikalia, kipi kimechanika. Ni programu huria, maana yake mtu yeyote duniani anaichukua bure, anaifungua, anairekebisha, na akiwa na moyo mzuri anatuletea marekebisho yake. Shangazi hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu hiyo. Yeye ameandika mwongozo wake, na bila mwongozo programu yetu ingetumiwa na watu wanne, watatu kati yao wakiwa ndio walioitengeneza.

Aliingia hapa kama mpigachapa wa muda. Alipewa mwongozo wa kurasa chache aupige upya, uonekane nadhifu. Kwa bahati mbaya yetu, aliusoma. Akajaribu kufanya ulichosema, akakwama mstari wa pili, akaenda kusimama mbele ya mwandishi wake, ambaye leo ni mzee wa heshima na sitamtaja. "Hapa umesema bonyeza," akamwambia. "Nibonyeze nini?" Yule bwana akajibu kwamba hilo linajulikana. Shangazi akamtazama juu ya miwani, akauliza, "Na nani?"

Swali hilo ndilo lililompa kazi ya kudumu. Sisi watengeneza programu tuna ugonjwa mmoja: tukishamaliza kutengeneza kitu, tunaamini kila mtu amezaliwa akikijua. Tangu siku ile, ukipeleka maelezo ya kivivu kwenye meza ya Shangazi, unasikia "Na nani?" kabla hujavuta kiti. Mimi mwenyewe nimeulizwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwongozo wake leo unasomwa kwa lugha kumi na moja, na hakuna ukurasa hata mmoja uliotoka bila kupita kwa mumewe, fundi cherehani, aliyekuwa akisomeshwa maelezo ya kompyuta jioni baada ya kufunga duka. Fundi akielewa, ukurasa unatoka. Fundi akianza kupiga miayo, unarudi kwetu.

Sasa nimlete Mzee Kufuli. Watu wengi wakishika kazi moja lazima kiwepo chombo cha kutunza matoleo, yaani kinachokumbuka nani alibadili nini na lini, na kinachoweza kukurudisha jana ukiwa umeharibu leo. Chombo chetu cha kwanza tulikipa jina hilo kwa tabia yake. Ukitaka kurekebisha faili, Mzee alilifunga kwa jina lako, na wengine wote wakasubiri mpaka umalize. Watu wawili wakiwasilisha kazi kwa wakati mmoja, alikwama kabisa, ikabidi azimwe na kuwashwa, na wale wawili wakaanza kutupiana lawama mpaka chakula cha mchana.

Shangazi alichoka kusikiliza watu wazima wakibishana nani alianza. Akamwomba mumewe ashone kofia. Fundi akachukua kipande cha pazia jekundu kilichobaki dukani, akashona kofia kubwa ya kutosha kichwa chochote, maana alikuwa ameambiwa vichwa vya ofisi yetu havilingani. Ikatundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Anayetaka kuwasilisha kazi anaivaa, akimaliza anairudisha msumarini, na ikiwa kichwani mwa mwenzako wewe unangoja zamu yako. Ugomvi ukaisha wiki ileile. Ni kweli mkuu wa mradi aliwahi kusahau akaenda nayo kwa daktari wa meno, na sisi tukakaa mchana mzima hatuwezi kuwasilisha hata nukta, lakini hilo ni kosa la mkuu, si la kofia.

Kisha likatokea jambo ambalo lingeweza kutokea kwetu tu. Shangazi huandika kila kitu kama kinavyofanywa, hapunguzi wala haongezi. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kuwasilisha kazi aliandika: "Kabla ya kuwasilisha, vaa kofia. Ukimaliza, irudishe msumarini." Ukurasa ukaenda mtandaoni, ukasomwa na wachangiaji walio katika miji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga. Haikupita muda ikaja barua pepe ya mtu aliyesema amenunua kofia kama alivyoagizwa, ila ni ya buluu, na ukuta wa chumba chake ni wa zege haupigiki msumari. Je, kulabu itafaa?

Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Shangazi hakucheka. Alimjibu kwa adabu zote kwamba rangi yoyote inafaa, na kulabu pia inafaa. Mmoja wetu akamshauri aufute mstari ule, maana ni kosa. "Kosa liko wapi?" akauliza. "Mtu akinyanyuka kutafuta kofia, anapata nafasi ya kufikiri mara ya pili. Nyie mngefikiri hata mara ya kwanza ningeshukuru." Mstari ukabaki. Kofia zikaongezeka duniani, za kila rangi.

Miaka tisa iliyopita kikaja chombo kipya, hiki tunachotumia sasa. Hiki hakina kufuli. Kila mtu anachukua nakala ya nyumba nzima, yaani mafaili yote ya mradi, tangu msingi mpaka bati, anaiweka kwenye kompyuta yake, anafanya kazi anavyotaka hata bila mtandao, na baadaye kazi zote zinaunganishwa. Sisi watengeneza programu tulihama kwa siku chache, bila hata kuaga. Lakini mwongozo ulibaki nyuma. Kurasa nyingi ziliendelea kumwelekeza msomaji kwa Mzee Kufuli, naye Mzee akaendelea kuunguruma stoo, akihudumia watu wachache ambao hatukujua ni akina nani.

Mwaka jana mkuu wa mradi alipiga hesabu akaona kwamba Shangazi anakaribia kustaafu, akataka kumpa zawadi ya mwongozo msafi. Mkuu huyu tunamwita Fagio, naye hakasiriki, kwa kuwa anapenda usafi na ana moyo mzuri. Aliiamuru kompyuta kwamba popote palipoandikwa jina la Mzee Kufuli, liwekwe jina la chombo kipya. Ikafanyika kabla chai haijapoa. Mwongozo mzima sasa ulikuwa unawaagiza watu wamfanyie kijana mambo aliyokuwa akifanyiwa mzee. Mchangiaji mmoja alihangaika wiki nzima akitafuta kufuli kwenye chombo kisicho na kufuli. Mwingine akaandika kuuliza kwa upole kama kufuli hununuliwa dukani, kama ilivyo kwa kofia.

Shangazi hakupandisha sauti. Alirudisha kurasa zote kama zilivyokuwa, maana hiyo ndiyo kazi ya chombo cha kutunza matoleo, kisha kwenye kikao akampa Fagio ukurasa mmoja wa ule mwongozo msafi, akamwomba afanye unachosema mbele yetu sote. Fagio akafika mstari wa tatu, akavua miwani. "Shangazi, nimeelewa," akasema. Naye akamsogezea kikombe cha chai na kumwambia, "Basi kunywa, inapoa."

Baada ya hapo alituonyesha jinsi ukurasa unavyostaafishwa. Kila ukurasa wa zamani aliuwekea maneno haya juu kabisa: "Ukurasa huu unastaafu. Kama bado unautumia, niandikie kabla hatujauaga." Kisha anangoja. Akiona kimya, anaandika ukurasa mpya, anaupeleka kwa fundi, fundi akielewa ndipo ule wa zamani unafutwa. Mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Fagio alikuwa akipita nyuma ya kiti chake akikohoa, naye akijifanya hasikii. Mwanzoni mwa mwaka huu ulikuwa umebaki ukurasa mmoja tu, na huo ndio uliopata jibu.

Aliyejibu ni mtu ambaye Shangazi alikuwa akiandikiana naye kwa miaka mingi bila kuonana. Sote tunamwita Mkutubi. Anatunza maktaba ya chumba kimoja iliyoshikana na shule, mahali ambapo mtandao huja unapojisikia. Yeye ndiye aliyetafsiri programu yetu kwa lugha ya watu wake, na ndiye anayeendelea kutafsiri kila tunapoongeza kitu. Hakuna mwingine anayefanya kazi hiyo. Watoto wa pale wakifungua kompyuta wanasoma maneno ya lugha wanayogombezwa nayo nyumbani. Barua yake ilikuwa fupi: "Dada, naona ukurasa wangu unastaafu. Mimi bado nimo ndani yake."

Shida yake ilikuwa ya kweli. Chombo kipya kinakutaka uanze kwa kuchukua nyumba nzima. Mkutubi alijaribu, mtandao ukakatika katikati, bando likaisha, na alipoweka jingine ikabidi aanze upya. Mzee Kufuli, pamoja na ubishi wake wote, alimruhusu achukue chumba chake kimoja tu, folda ya tafsiri, na kufunga mlango. Ndiyo maana hakuhama.

Hapo ndipo palipokuwa na mvutano. Fagio alieleza kikaoni kwamba diski ya ile kompyuta ya stoo inakufa, fundi wa kompyuta ameshatoa onyo, na tarehe thelathini lazima izimwe. Tarehe ileile ya Shangazi. "Na ni mtu mmoja tu, Shangazi," akasema, tena kwa kubembeleza. Shangazi akajibu, "Huyo mmoja ni lugha nzima." Fagio akasema analielewa hilo, ila diski haielewi. Shangazi akakubali tarehe. Lakini alitutangazia kwamba siku hiyo ikifika na Mkutubi bado hajavuka, yeye ataondoka akiwa ameshindwa kazi, na keki yetu tuile wenyewe.

Akaomba likizo. Tulidhani anakwenda kupumzika. Kumbe ameiweka nyumba nzima kwenye flashi, akaitia kwenye kamba ya miwani yake na kuivaa shingoni, akamchukua mumewe, wakapanda basi. Haya yanayofuata nimeyapata kwa fundi mwenyewe, aliyekuwa akinipima suruali nitakayovaa kwenye sherehe. Mtu yule hawezi kuficha siri akiwa na futi mkononi.

Anasema walikuta chumba safi, vitabu vimevishwa karatasi za kaki, kompyuta moja ambayo herufi zake zimefutika kwa kubonyezwa. Juu yake ukutani palikuwa na msumari, na kwenye msumari kofia ya kijani. Watoto wa pale wanaamini kwamba hiyo ni sare ya wakutubi wote. Mkutubi akiivaa, wananyamaza bila kuambiwa, kwa sababu wanajua anapeleka kazi. Shangazi alisimama mbele ya ule msumari muda mrefu. Yeye anasema macho yaliingia vumbi. Mumewe anasema hapakuwa na vumbi.

Nyumba ikahamishwa kutoka kwenye flashi kwa muda mfupi, na shida kubwa ikawa imeisha, maana ukishakuwa nayo nzima chombo kipya hukuletea kilichobadilika tu. Tena Mkutubi akagundua kwamba sasa anaweza kufanya kazi siku nzima bila mtandao na kuituma utakaporudi, jambo ambalo Mzee Kufuli hakuwahi kumruhusu. Lakini mikono ilikuwa imezoea. Mchana wa kwanza alitafuta kufuli kabla ya kugusa faili. Shangazi alikaa nyuma yake, mikono ameikalia asije akanyoosha kidole. Siku ya kuondoka akamwambia, "Kaka, kilichobaki ufanye nikiwa mbali. Nikiendelea kukaa hapa utakuwa umenizoea mimi." Akampa kazi moja: aufute kwa mkono wake ukurasa wa mwisho wa Mzee Kufuli, ule wa lugha yake. Kazi hiyo ikifika kwetu, tutajua amevuka, naye Shangazi atafuta wa kwetu. Mkutubi akaahidi kuifanya mapema.

Shangazi akarudi, akaandika ukurasa mpya wa kuwafaa wote wenye mtandao wa kubahatisha. Kisha tukangoja. Hakikuja kitu. Kila asubuhi alitazama kompyuta kabla hajaweka mkoba chini. Tulimwambia ampigie simu, akakataa. "Mtu akijifunza baiskeli humpigii simu," akasema. Wiki ikaisha, ya pili ikaingia. Fagio, bila kumwambia mtu, alikwenda kumuuliza fundi wa kompyuta kama diski ile inaweza kuombewa mwezi mmoja zaidi, na fundi akacheka. Mimi nilishikwa na hofu siku Shangazi alipopitisha ukurasa wangu wenye makosa mawili ya wazi bila kuuliza "Na nani?" Niliyarekebisha mwenyewe, kimyakimya, na sikufurahi hata kidogo.

Jumatano iliyopita tulikuwa kwenye chai. Kompyuta yake ikalia. Akasoma, akaweka kikombe chini, akanyanyuka mpaka mlangoni, akaitoa kofia msumarini na kuivaa. Tulijua mara moja, kwa kuwa kofia ile haikuwa imevaliwa na yeyote kwa miaka. Tukaenda kusimama nyuma ya kiti chake, Fagio akiwa bado na mkate mkononi.

Kazi ya Mkutubi ilikuwa imefika, kupitia chombo kipya, imekamilika haina dosari. Mahali pa kueleza alichobadilisha alikuwa ameandika: "Nimevuka salama. Nimefuta ukurasa wangu mwenyewe. Mstari wa kofia sikuufuta, nimeuhamishia kwenye ukurasa mpya, kwa sababu huku bado tunavaa. Mvua iliangusha mnara, mtandao umerudi leo. Sasa nawe funga, dada."

Shangazi akaufuta ukurasa wa mwisho wa Mzee Kufuli. Kisha akafanya ambalo sisi wataalamu hatukulifikiria: akatazama tarehe. Chombo cha kutunza matoleo hukumbuka siku kazi ilipofanywa, hata ikifika imechelewa. Mkutubi alikuwa amefanya kazi ile jioni ileile walipoagana, pengine basi halijafika hata nusu ya njia. Siku zote ambazo Shangazi alikuwa akikosa usingizi, kazi ilikuwa imekwisha kufanyika, iko pale, inangoja mtandao tu. Shangazi alicheka, akalia kidogo, akacheka tena. Safari hii hakusingizia vumbi.

Fagio ameagiza mstari wa kofia ubaki kwenye mwongozo kwa lugha zote kumi na moja, na ameahidi hataufagia. Nasi tunamshukuru fundi kwa kutuazima mkewe na kwa miayo yake yote iliyotusaidia. Tunamwonea huruma pia, maana kuanzia mwezi ujao mkewe atashinda naye dukani, na nimesikia tayari ameuliza jinsi futi linavyoshikwa, ameambiwa hilo linajulikana, na fundi amejutia jibu lake.

Shangazi, tunakupenda, na tunakuambia hivyo kabla hujasahihisha sentensi. Umetufundisha kwamba kitu cha zamani hakitupwi mpaka umemwona anayekitegemea na umemshika mkono. Nenda ukapumzike vizuri, ulale mpaka jua likuchoke, na maisha yako ya mbele yawe mepesi na yenye afya tele.

Utakapofungua mkoba wako nyumbani utaikuta kofia nyekundu. Usiirudishe. Ni wewe uliyeweka sheria kwamba aliye na kofia bado ana la kuwasilisha, na wengine wote wanangoja. Msumari tumeuacha mlangoni. Tunangoja.